Wageni wa Maili Ishirini na Sita

Kijiji chetu kina watu hamsini na wawili,
pampu moja ya mafuta,
na mkahawa wa Verbena ambao choo chake hakifunguki bila teke.
Mwaka mzima hakuna anayekuja Nevada kututazama sisi.
Lakini Agosti, usiku usio na mwezi,
mabasi hutapika watu wa kijani:
antena za waya, macho meusi ya plastiki,
bibi harusi wa Zuhura na shela lake la neti ya samaki,
mwanamume mzima ndani ya sahani la bati
mabega yakichubuka kabla hata ya kipenga.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nasi tunapona: Verbena huuza pai mia tatu.

Mwaka huu nami nikajiandikisha.
Miaka sitini na mmoja, goti la kushoto lenye kelele.
Vazi langu ni karatasi ya jikoni, ile ya kuokea nyama,
na kichwa cha mpira nilichokopa kwa mjukuu wangu Thaddeus.
Ndani kinanuka biskuti.

Saa sita ya usiku tukaachiliwa,
watu mia nne tukichakarika
kama shamba la mahindi makavu lililoota miguu.

Maili ya tisa tochi yangu ikakata roho.
Giza la huku halishuki, linatoka ardhini,
linakupanda kwanza vifundoni.
Nikasikia hatua nyuma yangu:
ta, kwaruu. Ta, kwaruu.
Mguu ule naujua. Ulivunjwa na lango la zizi,
mwaka uleule mwenye mguu aliposogeza uzio wake
hatua kumi na nne ndani ya malisho yangu
na kisima changu kikaamkia kwake.
Orval Ithurbide.
Miaka tisa bila salamu.
Siku ya kumzika mume wangu alisimama nje, kofia mkononi,
hakuingia, hakuondoka.

Sikusema kitu.
Akasogea ubavuni, akainamisha taa yake
ikawa inamulika miguu yangu, si yake.

Maili ya kumi na nne nuru ikapita angani, taratibu.
Wote wakasimama, vichwa juu, mikono wazi,
wakisubiri kuchukuliwa. Mmoja alilia.
Mimi na yule wa ubavuni tuliendelea kutazama chini.
Sisi wa huku tunajua, chini ndiko kwenye nyoka.

Maili ya kumi na saba, ng'ombe katikati ya lami.
Chapa yangu pajani.
Alitutazama viumbe wawili wa kung'aa, akicheua,
kama hakimu yule wa wilaya alivyotutazama.
Orval akamsukuma begani kwa kiganja, polepole,
jinsi mtu anavyomsukuma ng'ombe wake mwenyewe.

Kisha goti langu likakataa.
Nikaketi juu ya jiwe lenye joto la jana.
Akaninyooshea chupa, nikainua mpira hadi puani, nikanywa.
Chumvi kidogo. Kutu kidogo.
Ladha niliyokunywa tangu nikiwa na meno ya utotoni.
Yalikuwa maji ya kisima changu.
Nikanywa yote. Sikumbakizia tone.

Alfajiri rangi za watu zilikuwa zimeteremka shingoni,
bibi harusi wa Zuhura alikuwa mhasibu aliyechoka,
akitapika kistaarabu pembeni ya barabara.
Mstarini wakatuvisha medali, kila moja kisahani cha bati.
Nikavua kichwa.
Alikuwa ameshavua chake.
“Lurlene.”
“Ulijua tangu maili ya ngapi?”
“Tangu mwanzo. Nani mwingine hutema mate kushoto
kabla ya kuanza jambo?”
Upepo ukapeperusha karatasi zetu.
“Uzio wako uko palepale,” nikasema.
“Nauona kila siku,” akasema.

Kwa Verbena ilikuwa imebaki pai moja.
Tukaila kwa uma mbili, kila mtu kutoka upande wake,
na kahawa alilipa nusu,
nusu kamili, senti kwa senti.